Usiku wa kuchu katika mji mdogo: mwongozo kamili kwa tulio Iowa

Meseji ninazopata kutoka kwa kuchu wenzangu, yaani sisi tunaopenda wa jinsia yetu au tuliobadili jinsia, hapa jimbo la Iowa, Marekani, zinafanana mno, hata majina ya watumaji ningeyafuta usingejua ipi ni ya nani. "Nimeenda ile baa ya Des Moines, Jumamosi, karibu saa sita usiku. Nimesimama, nimekunywa bia moja, hakuna aliyenisemesha, nimerudi nyumbani. Huku hakuna watu." Mmoja ni Mkongo wa Iowa City, mwingine Mrundi anayefanya kazi kiwanda cha nyama, mwingine ni Mkenya mwenzangu anayetunza wazee zamu ya usiku.

Watu wapo. Kosa lenu ni kutafuta baa. Ukiwa Chicago unatafuta mtaa, unaingia mlango wowote. Des Moines, mji mkuu wa jimbo letu, ambao sensa ya 2020 iliuhesabia watu kama 214,000, unatafuta usiku. Baa ile ile ya Jumamosi saa sita na ya katikati ya wiki saa mbili ni nyumba mbili tofauti, zimeshirikiana paa tu.

Neno moja kabla hatujaanza. Natumia "kuchu", lile tulilolipokea kutoka Kampala. "Shoga" kwa akina mama wa Pwani ni rafiki wa kike wa kuchekea naye. Bara ni tusi. Sina nguvu za kulifua hapa.

## Vitu vya kuandaa

Kitambulisho halisi. Kiwe na picha na tarehe ya kuzaliwa, na kiwe mkononi. Picha iliyo kwenye simu haitakuvusha kwa baunsa. Pombe ni kuanzia miaka 21, na wataangalia hata kama una mvi. Kama huendeshi gari, Iowa hutoa kitambulisho cha asiye dereva. Kichukue, uiache pasipoti nyumbani. Nimeshapiga magoti na tochi ya simu chini ya viti vya baa nikisaidia mtu kutafuta pasipoti. Usiku ule haukuwa na raha tena.

Dola 40 taslimu, 20 kati yake ziwe noti za dola moja. Nitaeleza mbele. Zibadilishe mchana dukani au benki.

Simu iliyojaa chaji. Baridi ya Januari hunyonya betri kama kupe.

Njia ya kurudi. Iwe imeshapangwa kabla hujafunga kamba za viatu.

Mtu mmoja anayejua uliko. Si lazima ajue ni baa ya nani. "Niko mjini, East Village, nikifika nyumbani nitakuandikia" inatosha.

Kinga. Kondomu mfukoni, na kama unaweza, PrEP, dawa ya kujikinga na VVU, iwe imeshaanza mwilini. Iowa ina huduma ya TelePrEP: unazungumza na mfamasia kwa video, bila kukaa kwenye chumba cha kusubiria ambamo shangazi wa kanisani anaweza kuwa amekaa kiti cha pili.

## Hatua ya 1: Chagua usiku, kisha baa

Anza na usiku ambao watu wana jambo la kufanya: karaoke, bingo, maswali na majibu, shoo ya dragi (nitaieleza Hatua ya 5). Sababu ni nyepesi. Kwenye dansi ya saa sita usiku kila mtu amekuja na kundi lake, muziki umefunika masikio, na mgeni aliyesimama peke yake hana kisingizio cha kuanzisha neno. Kwenye karaoke mtu akiharibu wimbo, wewe na aliyekaa kando yako mtatazamana na kucheka. Mazungumzo yameanza na hujasema kitu.

Des Moines, anzia Blazing Saddle. Iko East 5th Street, mtaa wa East Village, ukitoka nje unaliona kuba la dhahabu la bunge la jimbo. Imekuwepo tangu 1983, na umri huo una maana: wazee wapo, vijana wapo, na wahudumu wameshawaona wageni wenye wasiwasi kuliko wewe. Mlio upande wa mashariki mna Studio 13, katikati ya Iowa City, ila kumbukeni ni mji wa chuo na sheria yake ya walio chini ya miaka 21 ni kali: saa nne usiku wanatoka kwenye baa.

Onyo: usitegemee orodha za intaneti za "baa za kuchu Iowa". Nyingi zimeoza. Mwenzetu mmoja aliendesha saa moja na nusu akakuta sehemu hiyo inauza mazulia.

## Hatua ya 2: Chunguza kabla ya kwenda

Fungua ukurasa wa baa wa Facebook au Instagram. Tazama mambo matatu tu. La kwanza, tarehe ya tangazo la mwisho; likiwa limepita miezi miwili, piga simu. La pili, ratiba ya wiki hii hasa, maana wiki ya sikukuu hubadilika. La tatu, picha za usiku uliopita: walikuwepo watu wa aina gani, rangi gani, umri gani. Ukiona nyuso za watu weusi mbili tatu zinazojirudia wiki hadi wiki, hilo lina uzito kuliko bendera kumi za upinde wa mvua zilizotundikwa dirishani.

Na saa, ndugu zangu. "8 PM" ya bango ni saa mbili usiku. Mnacheka, lakini anayefikiri kwa Kiswahili huku akisoma Kiingereza akiwa ametoka zamu ya masaa kumi na mawili anaweza kufika pakiwa pamefungwa.

## Hatua ya 3: Panga kurudi kabla ya kwenda

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo tunapoumia kuliko wenyeji.

Baa za Iowa haziuzi pombe kuanzia saa nane usiku. Basi la DART, yaani mabasi ya umma ya Des Moines, halitakuwepo saa hiyo. Kwa hiyo una njia tatu: Uber au Lyft, rafiki asiyekunywa, au gari lako huku wewe ukinywa soda. Hakuna ya nne.

Kuendesha umelewa Iowa kunaitwa OWI, na kipimo ni asilimia 0.08 ya pombe kwenye damu. Kosa la kwanza lina kifungo kisichopungua saa 48, na leseni inaondoka. Kwa mzaliwa wa hapa ni aibu na faini. Kwa mwenye kesi ya hifadhi, au anayesubiri uraia, ni karatasi itakayofunguliwa mbele ya ofisa miaka mitano baadaye.

Sasa sikia mtego ambao wengi hawaujui. Umekunywa, unajiambia, "Siendeshi, nitalala garini." Ni Februari, nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri, unawasha injini upate joto. Kwa sheria ya Iowa, gari ambalo injini yake inanguruma linahesabika linaendeshwa, hata kama umelala tu kwenye kiti cha dereva umejifunika koti. Askari akigonga kioo, kesi ni ile ile. Na kutembea barabarani umelewa chakari nalo ni kosa lenyewe.

Ukiacha gari mjini ulichukue asubuhi, soma kibao cha maegesho, na usikilize kama amri ya theluji imetangazwa. Gari lililoachwa upande usioruhusiwa huvutwa, na kulikomboa ni bei ya wikendi nzima.

Bangi: utapewa. Mara nyingi si ya kuvuta, ni pipi laini, na atakayekupa ni mtu mwema atakayekuambia ameinunua Illinois, ambako ni halali. Kwake ni kweli. Wewe usiye raia unahukumiwa na sheria ya serikali kuu, na huko bado ni haramu. Hata kukiri tu mbele ya ofisa wa uhamiaji kwamba ulitumia kunaweza kukuharibia. Sema "asante, mimi ni bia tu" na uendelee na hadithi.

Dalili ya kufaulu kwa hatua hii ni moja: kabla hujatoka nyumbani unaweza kunijibu kwa sentensi moja utarudi vipi, na sentensi hiyo haina neno "labda".

## Hatua ya 4: Fika mapema, vua koti, kaa kaunta

Usiku wangu wa kwanza nilifanya kila kosa mnalolifanya. Nilifika saa tano na nusu. Nilisimama karibu na mlango wa choo kwa sababu ndipo palikuwa na nafasi, koti zito limefungwa zipu hadi kidevuni, chupa nimeishika kama kipaza sauti. Kila aliyepita alinipisha kwa adabu. Dakika 25, nikaondoka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu ilikuwa lile koti: mtu mwenye koti mwilini kila amwonaye anajua yuko njiani.

Mara ya pili nilifika saa moja na nusu jioni. Watu walikuwa kama kumi na wawili. Nilivua koti nikaliweka kwenye kiti, nikakaa pale kaunta inapopinda.

Hiyo kona ndiyo nataka muikumbuke. Ukikaa hapo unaona pande mbili bila kugeuza shingo kama bundi. Mhudumu anapita mbele yako mara mbili kila mzunguko. Na kila anayekuja kuagiza hujibanza kando yako nusu dakika akisubiri, kwa hiyo watu wanakuja kwako wenyewe bila wewe kumfuata mtu.

Agiza kinywaji, lipa, acha bakshishi: dola moja kwa bia, mbili kwa kinywaji cha kuchanganywa. Huku bakshishi ni sehemu kubwa ya mshahara wa mhudumu, si hisani. Kisha mwambie maneno machache tu: hii ni mara yangu ya kwanza hapa, naitwa fulani. Usione haya lafudhi. Mhudumu wa baa ndogo ya kuchu ni mjumbe wa nyumba kumi, anamjua kila mtu, na saa ikienda kidogo utamsikia akimwambia mwingine, "Huyu ni mgeni wetu, msalimie."

Mimi alinisalimia mzee mwenye kofia ya mahindi. Kofia kweli ina picha ya hindi, ndiyo Iowa. Aliuliza kama kiti kina mtu, nikasema hakina, akaniuliza nimetoka wapi, nikasema Nakuru, akauliza kama kuna theluji. Mazungumzo ya kijinga kabisa. Wiki iliyofuata alinitambulisha kwa watu sita.

Onyo la kinywaji: mhudumu akimimine ukiona, na ukienda choo kimalize au kiache. Kikikaa peke yake si chako tena.

Dalili ya kufaulu: unatoka na mhudumu analijua jina lako. Namba ya simu ya mwanamume mzuri ni ziada.

## Hatua ya 5: Usiku wa dragi, na zile noti za dola moja

Dragi, kwa asiyeijua, mara nyingi ni wanaume waliovalia kike kupita kike chenyewe, wakifuatisha wimbo kwa midomo na kucheza. Mtaalamu akipita karibu nawe unamtunza. Kwetu hili si geni; anayejua kumtunza mwimbaji wa taarabu ukumbini tayari ana somo.

Kunja noti kwa urefu, inyanyue usawa wa bega, subiri aje. Ataichukua kwa mkono. Usimrushie usoni, usimchomeke kifuani, usimshike kiuno. Huna noti? Piga makofi, usikae mstari wa mbele. Shoo nyingi zina kiingilio mlangoni, ndiyo sababu nyingine ya taslimu.

Usiku huu ni mzuri kwa mwenye Kiingereza kidogo. Hakuna anayezungumza, wote wanapiga kelele.

## Hatua ya 6: Picha, na watu wa nyumbani

Hofu ya kweli ya wengi wenu haiko Des Moines. Iko Kisumu, Bukavu, Kigoma. Video ya sekunde saba, wewe umekaa nyuma ya mchezaji, inapakiwa saa sita usiku na mtu asiyekujua. Kesho yake iko kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Shoo ya dragi hupigwa picha na kila mtu, kwa hiyo chagua kiti kulingana na hatari yako. Kaunta, au ukuta ulio upande wa jukwaa, ni salama kuliko viti vinavyolitazama jukwaa kutoka ng'ambo, ambavyo huingia kwenye kila picha. Mtu akikupiga picha, mwambie papo hapo, kwa upole, kwamba nyumbani kwenu hii ni hatari, aifute. Sijawahi kuona aliyekataa. Wengi hushtuka, hawakuwahi kuliwaza.

Zima mahali ulipo kwenye Snapchat na Facebook kabla ya kutoka. Akaunti ya Instagram utakayowapa marafiki wapya isiwe ile anayoifuata dada yako.

Na ukimkuta mtu wenu humo ndani?

Ilinitokea. Mtu niliyekaa naye meza moja kwenye harambee ya mazishi, miezi michache nyuma. Aliponiona aliishika glasi kwa mikono miwili, kama anayeogopa itapeperuka. Nilimwambia, "Habari ya siku nyingi," tukaongea kuhusu matairi ya theluji dakika tano, nikahama upande wa pili. Sikumtaja popote, hata kwa mpenzi wangu. Miezi miwili baadaye alinitumia meseji ya neno moja: "Ahsante." Leo ndiye anayeniendesha nikinywa.

Kanuni ni hiyo. Salimia kama mngekutana dukani Walmart. Usiulize "na wewe?" Yumo ndani kama wewe ulivyomo ndani, na kila mmoja ameshika siri ya mwenzake.

## Hatua ya 7: Programu za simu ziutumikie usiku, zisichukue nafasi yake

Grindr, programu ya wanaume kuchu kutafutana, katika mji mdogo ni kama duka la kijijini: nyuso zile zile, rafu zile zile. Faida yake ni kuuliza "leo watu wako wapi?" Zima kipengele kinachoonyesha umbali, maana katika mji wa nyumba zilizotawanyika mita 200 zinaweza kuwa ni wewe na jirani mmoja. Uso na uchi visikae picha moja. Anayeomba picha haraka kisha anataka pesa asilipwe hata senti. Mfungie, hifadhi ushahidi. Akilipwa mara moja atarudi.

Mkutano wa kwanza uwe kaunta, pale pale kwenye kona yako, mhudumu akiona.

Mtakutana pia na wale wanaotaka "Mwafrika", siyo wewe. Utawajua: swali la kwanza ni la mwili, la pili ni la simba. Huna deni la kuwaelimisha. Geukia upande mwingine wa kona.

## Hatua ya 8: Rudi mara tatu, usiku ule ule

Hapa ndipo wengi mnaachia njiani. Mara ya kwanza wewe ni mgeni. Ya pili ni "yule wa juzi". Ya tatu unaulizwa ulikuwa wapi. Ukibadilisha usiku kila mara unaanza upya na watu wapya, kwa hiyo ukiamua karaoke, kaa na karaoke wiki tatu.

Kama mara tatu zimepita na bado umekaa peke yako, badilisha usiku, usibadilishe mji.

## Ukikatazwa au ukitukanwa

Sheria ya haki za kiraia ya Iowa inakataza biashara iliyo wazi kwa umma kukubagua kwa sababu unapenda wa jinsia yako. Imo tangu 2007. Kwa dada na kaka zetu waliobadili jinsia mambo ni mabaya zaidi: bunge la jimbo liliondoa ulinzi wa utambulisho wa kijinsia, na mabadiliko hayo yalianza Julai 1, 2025. Kwa hiyo mwenzako wa aina hiyo asiende baa ya kawaida peke yake akitegemea sheria. Nendeni wawili, na mjue mlango wa pili uko wapi.

Akikutukana mlevi, mwambie mhudumu, usimjibu. Kazi ya kumtoa ni ya baunsa. Ugomvi wa ngumi unaandikwa majina yote mawili.

## Kama hunywi, au dini haikuruhusu

Omba soda na ndimu kwenye glasi fupi, hakuna atakayeuliza. Bakshishi ni ile ile.

Au anzia nje ya baa kabisa. Des Moines ina kwaya ya wanaume kuchu, Des Moines Gay Men's Chorus, na sisi tuliolelewa kwenye kwaya za kanisa tuna sauti ya tatu ambayo Wamarekani wanaitafuta kwa tochi. Juni kuna Capital City Pride, sikukuu ya kuchu ya hapo Des Moines. Mchana, barabarani, watoto na mbwa wamo, na kuwepo kwako hakuthibitishi chochote kwa mwenye simu.

## Kwa ninyi mlio mbali

Ottumwa ni zaidi ya maili 80 kutoka Des Moines, Marshalltown kama 50, Storm Lake ni safari ya nusu siku ukihesabu theluji. Msije kila wiki, mtachoka na kuchukia. Chagueni Ijumaa moja kwa mwezi, wawili au watatu mchangie chumba cha hoteli ya bei nafuu, asiyekunywa aendeshe. Mwandikieni mhudumu kwenye ukurasa wa baa kwamba mtakuja na mnatoka mbali. Angalieni hali ya hewa mchana ule. Barabara ikitangazwa kufungwa, laleni nyumbani, Ijumaa nyingine ipo. Na mafuta ya gari yajazwe kabla ya kuondoka mjini, si saa tisa usiku kwenye kituo kisicho na mtu, umevaa shati la kumetameta.